Kula na watoto Istanbul: Jua lini wewe ni mgeni, lini ni mteja

Jua linapozama Sultanahmet, mtaa wa kale wa jiji la Istanbul nchini Uturuki, adhana hutoka Msikiti wa Bluu na kujibiwa na Ayasofya, ng'ambo ya bustani. Watalii waliozunguka tangu asubuhi wanaanza kuburuta miguu. Watoto wanalia njaa. Ndipo wanaume waliovaa vizibao nadhifu wanaposogea kutoka milango ya migahawa, menyu mkononi, tabasamu usoni.

"Karibuni rafiki zangu. Watoto wamechoka, ingieni wapumzike."

Kwa mzazi aliyelelewa Afrika Mashariki, kupita mlango huo bila kuitikia ni kazi ngumu. Amefundwa tangu utotoni kwamba kukaribishwa ni heshima, na kukataa chakula cha mtu ni kumdharau. Malezi hayo ni mazuri. Lakini katika mtaa wa watalii, malezi hayo hayo yanaweza kumtoa mtu fedha ambazo hakuzipangia.

Si wachache wanaofika huko. Wafanyabiashara wa nguo kutoka Kariakoo, Nairobi na Kampala huenda Laleli kuchukua mizigo, na kutoka Laleli hadi Sultanahmet ni vituo vichache tu vya tramu ya T1. Wengine hupitia Istanbul wakiunganisha ndege za kwenda Ulaya au Marekani, na saa za kusubiri zikiwa nyingi, huingia mjini. Siku hizi baadhi yao huwa na watoto.

Chukua mfano wa familia ya watu wanne kutoka Dar es Salaam: baba, mama, kijana wa miaka 13 na binti wa miaka 6 mwenye mzio wa karanga. Mama huenda Laleli kila baada ya miezi kadhaa. Safari hii shule zimefungwa, wakaamua kwenda wote.

Wameketi kwenye mgahawa wenye mazulia ukutani na taa za rangi. Kabla hawajafungua menyu, meza imejaa: mkate wa moto uliovimba kama mpira, bakuli la mtindi wenye vitunguu saumu, bilinganya, jibini, zeituni. Hakuna aliyeagiza.

"Baba, hivi ni vya bure?" anauliza kijana.

"Kula mwanangu, ndiyo ukarimu wao."

Mama anamtazama mumewe. "Baba watoto, si tuulize kwanza?"

"Mke wangu, utatutia aibu mbele za watu."

Saa moja baadaye bili inaletwa. Kila kibakuli kimeandikwa kivyake. Baba anasoma, anatoa kadi, hasemi neno. Watoto wanamwona. Njia nzima ya kurudi hotelini hakuna anayeongea, na fedha ya kesho ya kwenda kuona kasri la Topkapı imeliwa leo.

Ni mfano tu, lakini wazazi wengi wanajua kimya cha namna hiyo. Hasara yake si fedha peke yake. Mtoto aliyekuwa ameuliza swali sahihi amefundishwa kwamba kuuliza ni aibu.

Ikram na bili

Waturuki ni wakarimu kweli, na mzazi asiende huko akidhani kila anayemkaribisha ni mwizi. Wana neno lao, ikram, lenye mzizi mmoja na takrima na ukarimu wa Kiswahili. Ikram ni kitu ambacho mwenye mgahawa anakupa bila malipo: glasi ya chai baada ya chakula, kipande cha tikiti maji, pengine kitamutamu kidogo kwa ajili ya watoto. Mara nyingi huja mwishoni, na kukikataa bila sababu si vizuri.

Vibakuli vinavyokuja mwanzoni ni jambo jingine. Vyakula hivyo vidogo vya kuanzia huitwa meze, na kwa kawaida ni vya kulipiwa. Katika migahawa mingi mhudumu huleta sinia lenye aina mbalimbali ili mteja achague. Ukichagua viwili, utalipia viwili. Ukiacha vyote vishushwe mezani kwa sababu unaona haya kusema hapana, utalipia vyote. Mkate katika migahawa ya kawaida mara nyingi hauna malipo, lakini katika maeneo ya watalii ni vyema kuuliza.

Swali lenyewe ni fupi: "Bu ikram mı?" Maana yake, hiki ni takrima? Hakuna mhudumu mstaarabu anayekasirika kwa kuulizwa. Akijibu hapana, mwambie kwa upole akiondoe. Kitu ambacho hakijaguswa hurudishwa jikoni bila ugomvi.

Hapo ndipo mzazi anapoweza kumwonyesha mtoto tofauti. Nyumbani kwa mtu wewe ni mgeni, unakula ulichowekewa na unashukuru. Mgahawani wewe ni mteja, hata kama umekaribishwa kwa maneno ya mgeni. Mteja anauliza bei, na heshima yake inabaki pale pale.

Bei lazima ionekane

Tangu Januari 2024, kanuni za serikali ya Uturuki zinaitaka migahawa kuweka orodha ya bei mlangoni na mezani. Kwa hiyo familia inaweza kusimama nje, kusoma na kupiga hesabu kabla ya kuketi. Mgahawa usioonyesha bei, au unaotoa menyu isiyo na bei, umeshakupa jibu. Endelea na safari.

Samaki wanahitaji uangalifu zaidi, maana mara nyingi huuzwa kwa uzito. Bei iliyoandikwa inaweza kuwa ya kilo au ya gramu kadhaa, si ya samaki mzima unayeonyeshwa kwenye barafu. Taka apimwe kwanza, na utajiwe kiasi cha mwisho kabla hajaingia jikoni.

Usitegemee pia bei ulizoziona kwenye video ya mwaka juzi. Mfumuko wa bei Uturuki umekuwa mkali: takwimu rasmi zilionyesha zaidi ya asilimia 85 kwa mwaka, Oktoba 2022, na zaidi ya asilimia 75, Mei 2024. Sahani iliyoonekana rahisi jana si lazima iwe rahisi leo. Lipa kwa lira. Ukiambiwa lipa kwa dola au euro, uliza kwanza kiwango cha kubadilishia.

Bili ikija na vitu usivyoviagiza, omba ufafanuzi wa kila mstari bila kupaza sauti. Ikishindikana, Uturuki ina simu ya malalamiko ya wateja, namba 175, na Sultanahmet kuna polisi wanaoshughulikia watalii. Mara nyingi kuvitaja tu kunatosha.

Maneno unayoyajua tayari

Jambo linalowashangaza watoto wa Kiswahili wakifika mezani Uturuki ni kwamba nusu ya meza wanaifahamu kwa jina. Kiarabu na Kiajemi vilipita huko kama vilivyopita pwani yetu, vikaacha maneno pande zote mbili. Çay husomwa "chai", na ndiyo chai. Pilav ni jamaa wa pilau, ingawa wa kwao ni wali mweupe wa siagi usio na viungo vingi. Bamya ni bamia. Helva ni halua. Şerbet ni sharubati. Kebap ni kababu. Sini, lile sinia kubwa la duara, ni sinia.

Bili huitwa hesap, yaani hesabu. Kuiomba, sema "hesap lütfen". Fedha ya asante kwa mhudumu ni bahşiş, ile ile bakshishi yetu, na wengi huacha asilimia 5 hadi 10 wakiridhika na huduma. Kabla ya kula utasikia "afiyet olsun", na mtoto makini atagundua kwamba afya imo ndani yake.

Mpe kijana wako kazi ya kutafuta maneno hayo kwenye menyu. Akumbuke tu kwamba herufi c husomwa kama j, ç kama ch, na ş kama sh. Dakika 20 za kusubiri chakula zitapita bila kugusa simu.

Wenye watoto wachanga wana neno lao la kuchekesha. Kiti kirefu cha mtoto huitwa "mama sandalyesi". Si kiti cha mama. Kwa Kituruki, mama ni chakula cha mtoto mchanga, na mzazi wa kike huitwa anne.

Mtoto mwenye mzio

Turudi kwa yule binti wa miaka 6. Jikoni za Uturuki hutumia sana jamii ya njugu, hasa kwenye vitamutamu. Baklava hutiwa pistachio au walnati. Künefe, kile kitamutamu cha jibini kinacholiwa cha moto, hunyunyiziwa pistachio juu. Sütlaç, wali wa maziwa uliookwa, unaonekana salama, lakini sehemu nyingine hunyunyiziwa hazelinati iliyosagwa. Ufuta umo kwenye simit, ile mikate ya duara inayouzwa kila kona, na kwenye tahini.

Mtego mkubwa uko kwenye neno fıstık. Likisimama peke yake, linaweza kumaanisha pistachio au karanga. Karanga kwa ukamilifu ni yer fıstığı, na pistachio ni Antep fıstığı. Hazelinati ni fındık, walnati ni ceviz, ufuta ni susam. Mzazi mwenye mtoto wa aina hii asitegemee ishara za mikono wala Kiingereza cha kubahatisha. Aandike maneno hayo kwenye karatasi au simu kabla ya safari, pamoja na neno alerji, na amwonyeshe mhudumu kabla ya kuagiza. Mhudumu akionekana hana uhakika, aombe mpishi aulizwe. Jibu la "hakuna shida rafiki yangu" lililotolewa bila kwenda jikoni si jibu.

Dawa alizoandikiwa mtoto na daktari zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiachwe hotelini. Mtoto akianza kuvimba midomo, kutokwa vipele, kutapika au kupumua kwa shida, mpeni dawa hizo kama daktari alivyoelekeza na mpigie simu 112 mara moja. Ndiyo namba ya dharura Uturuki nzima.

Mtoto atakula nini?

Mtoto anayechagua chakula ana pa kuanzia. Mercimek çorbası ni supu laini ya adesi nyekundu, huja na kipande cha limau, na watoto wengi huipenda. Köfte ni nyama ya kusaga iliyochomwa. Mtaa huu una köfte yake maarufu, na kwenye barabara ya Divanyolu kuna mgahawa unaoiuza tangu mwaka 1920, ikiandamana na saladi ya maharage meupe iitwayo piyaz. Pide ni mkate mrefu wenye nyama au jibini juu. Ayran ni mtindi uliopigwa na maji na chumvi. Mwambie mtoto mapema kwamba una chumvi, la sivyo funda la kwanza litaishia kwenye shati.

Ukitaka kisicho na pilipili, sema "acısız", isomwe "ajisiz". Kuku ni tavuk, kondoo ni kuzu, ng'ombe ni dana, samaki ni balık. Nguruwe ni nadra kukutana naye kwenye migahawa ya Kituruki. Pombe huuzwa katika baadhi ya migahawa na mingine haina kabisa, hivyo familia inayojali hilo isome menyu ya vinywaji mlangoni.

Baadhi ya migahawa ya Sultanahmet humweka mama dirishani, ameketi chini mbele ya meza fupi ya duara, akisukuma unga kwa fimbo nyembamba. Anatengeneza gözleme, chapati nyembamba inayokunjwa na jibini, mchicha au viazi ndani kisha kukaangwa juu ya bati la moto. Mtoto yeyote aliyewahi kumsaidia bibi yake kusukuma chapati atasimama hapo. Mwacheni asimame. Utamaduni huo wa kutengeneza na kugawana mikate myembamba uliingizwa na UNESCO kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2016.

Kuna pia testi kebabı, nyama na mboga zilizopikwa ndani ya chungu kilichozibwa mdomo. Asili yake ni Anatolia ya kati, Yozgat na Kapadokia, ambako mji wa Avanos hufinyanga vyungu kwa udongo mwekundu wa mto Kızılırmak. Sultanahmet wameigeuza kuwa onyesho: chungu huletwa kikiwa katikati ya moto, kikapigwa na kupasuka mbele ya wateja. Watoto hushangilia. Mzazi ana kazi mbili: kuuliza bei kwanza, maana onyesho lina gharama yake, na kuwaketisha watoto mbali na moto, kisha kukagua sahani isiwe na kipande cha chungu.

Hadithi za kusimulia chakula kikisubiriwa

Kijana wa miaka 13 akichoka na maneno ya menyu, mwambie kwamba hatua chache kutoka hapo, ndani ya Topkapı, kuna jiko lenye safu ya mabomba ya moshi yanayoonekana kutoka mbali. Liliungua mwaka 1574, likajengwa upya na Mimar Sinan, msanifu mkuu wa masultani, na lilikuwa likilisha maelfu ya watu.

Mwambie pia kwamba askari wa sultani, Majanisari, waliheshimu sufuria kuliko bendera. Kamanda wao mmoja aliitwa çorbacı, mtu wa supu. Wakimkasirikia sultani, walipindua sufuria zao chini, na kila mtu katika jiji alijua kwamba uasi umeanza. Chakula kilikuwa ni mkataba: anayekulisha unamtii, na ukikataa chakula chake umevunja mkataba. Hapo kijana anaweza mwenyewe kuona kwa nini baba yake alishindwa kukataa bakuli la bilinganya.

Jioni ya pili

Katika mfano wetu, ile familia bado ina usiku mmoja. Safari hii mama ndiye anayetangulia. Wanaipita mitaa ya taa za rangi, wanaingia kichochoro cha nyuma ambako wenye maduka wanakula. Mgahawa huo huitwa esnaf lokantası, yaani mgahawa wa wachuuzi na mafundi. Vyakula vimepangwa kwenye masinia nyuma ya kioo: maharage, kuku, bamia, bilinganya yenye nyama, wali. Unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa. Mtu wa Dar es Salaam anahisi yuko kwa mama lishe, isipokuwa vyakula havina nazi.

Baba anasoma bei ukutani, anazijumlisha kwa sauti ili watoto wasikie. Binti anaitoa karatasi yenye maneno ya njugu na kumpa mhudumu yeye mwenyewe, mama akiwa nyuma yake. Mhudumu anasoma, anaingia jikoni, anarudi, anaonyesha masinia mawili na kutikisa kichwa: haya hapana. Mengine sawa. Kipande cha mkate kinamponyoka binti, kinaanguka. Mzee wa meza ya jirani anainama, anakiokota na kukiweka juu ya ukingo wa dirisha, kwa sababu kwao mkate hauachwi chini ukakanyagwa. Hakuna aliyegombezwa, na binti hataisahau.

Wakimaliza, kabla hawajaomba hesap, glasi nne ndogo zilizokatika kiuno zinashushwa mezani. Chai nyekundu, sukari pembeni. Hakuna aliyeagiza.

Baba anaangalia glasi, kisha anamgeukia kijana wake. "Haya, uliza wewe."

Kijana anameza mate. "Bu ikram mı?"

Mhudumu anaweka kiganja kifuani, anainamisha kichwa kidogo. "İkram."

"Sasa kunyweni," baba anasema. "Hapa sisi ni wageni."